Yai Lifike Zima: Mradi wa Darasani wa Kubuni Vifungashio vya Vyakula Vinavyovunjika

Trei ya mayai ikifungwa nyuma ya bodaboda kutoka shambani hadi dukani, mwenye duka huuliza jambo moja tu: mangapi yamefika yakiwa mazima? Swali hilo hilo huulizwa kwa embe linalotoka Magarini, kwa nyanya zinazoshushwa sokoni alfajiri na kwa ndizi mbivu zinazosafirishwa juu ya matatu. Mkulima anaweza kufanya kazi ya miezi mingi shambani, kisha akapoteza faida yake katika safari ya saa moja.

Hesabu ya muuzaji mdogo inaonyesha jambo hilo. Bei hubadilika kila mara, lakini chukulia kwa mfano kwamba trei ya mayai 30 imenunuliwa kwa Sh400 na kila yai linauzwa Sh15. Yote yakifika mazima, muuzaji atapata Sh450, yaani faida ya Sh50. Matatu yakivunjika njiani, atapata Sh405 na faida itabaki Sh5. La nne likivunjika, ameingia hasara ya Sh10. Mayai manne kati ya thelathini yanatosha kugeuza biashara kuwa kazi ya bure, na hapo nauli ya bodaboda haijahesabiwa.

Makala haya yanaeleza mradi mmoja wa darasani unaolenga tatizo hilo. Wanafunzi hupewa chakula kinachovunjika au kupondeka kwa urahisi, kisha hutakiwa kubuni, kutengeneza na kujaribu kifungashio cha kukilinda. Mradi huu unaweza kufanywa na wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9 katika masomo ya ufundi, sayansi na kilimo, na vilabu vya 4K, na vilevile wanagenzi katika vyuo vya ufundi. Hauhitaji maabara wala mashine. Unahitaji mizani ndogo, rula, uzi, vifaa vinavyookotwa karibu na shule, na mayai machache.

Kwa nini yai huvunjika

Ganda la yai la kuku lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Hata hivyo si dhaifu kama wengi wanavyodhani. Yai zima likibanwa polepole, ganda lake kwa kawaida hustahimili uzito wa kilo tatu hadi nne kabla ya kupasuka. Umbo lake la kuba husambaza mzigo pande zote, kama tao la mlango wa nyumba ya mawe. Kinacholivunja ni pigo la ghafla katika sehemu moja ndogo.

Mwalimu anaweza kueleza jambo hili kwa hesabu nyepesi. Yai la gramu 60 likianguka kutoka kimo cha mita moja, karibu na kimo cha kiti cha bodaboda, hufika chini likiwa na mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Likigonga saruji, husimama ndani ya umbali mdogo mno. Tuseme umbali huo ni milimita moja: nguvu inayolipiga kwa wastani ni sawa na uzito wa kilo 60, na hakuna ganda la kustahimili hilo. Lakini likiangukia kitu laini kinachobonyea sentimita mbili, umbali wa kusimama umeongezeka mara ishirini, na nguvu inapungua mara ishirini pia, hadi uzito wa kilo tatu. Hapo yai lina nafasi ya kupona.

Hiyo ndiyo siri ya kila kifungashio kizuri: kurefusha kidogo muda na umbali wa kusimama. Jambo la pili ni kusambaza pigo. Yai lililoshikwa na kikombe kinacholingana na umbo lake hupokea mzigo juu ya eneo kubwa. Yai lililolala juu ya kijiti kimoja hupokea mzigo wote mahali pamoja. Jambo la tatu ni kutenganisha. Mayai mawili yanayogusana yako hatarini, kwa sababu kila mtikisiko wa barabara huyagonganisha.

Uvumbuzi wa sanduku la mayai linalojulikana leo ulianzia hapo. Mwaka wa 1911, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, mhariri wa gazeti aliyeitwa Joseph Coyle alisikia mkulima na mwenye hoteli wakizozana kwa sababu mayai yalikuwa yakifika yamevunjika. Coyle alibuni sanduku la karatasi ambamo kila yai lilikuwa na nafasi yake. Hakubadilisha kuku, barabara wala gari. Alibadilisha tu namna yai lilivyokaa safarini.

Embe na nyanya zina maadui zaidi

Yai halioti joto wala halitoi jasho kama tunda. Matunda na mboga bado zinapumua baada ya kuchumwa: hutumia hewa, hutoa joto, mvuke na gesi ya ethilini ambayo huharakisha kuiva. Kwa hiyo kifungashio cha embe au nyanya kina kazi mbili zinazovutana. Kinapaswa kulikinga tunda lisigongwe, na wakati huo huo kiliache lipumue. Kikifungwa kabisa, joto na unyevu hubaki ndani na ukungu huanza. Kikiwa wazi mno, hakilindi.

Madhara ya safarini huja kwa njia tatu, na wanafunzi wanafaa kuzitofautisha kabla ya kuanza kuchora.

Ya kwanza ni pigo: kreti inapoangushwa badala ya kuwekwa chini taratibu. Ya pili ni mgandamizo: matunda ya juu yanapoyalalia ya chini. Nyanya zikijazwa katika sanduku refu, zile za chini hubeba uzito wa tabaka zote na hupondeka hata kama gari halijatikisika. Ya tatu ni msuguano: gari linapopita kwenye barabara ya mawe, matunda yaliyolegea huchezacheza na kukwaruzana. Mkwaruzo mdogo hauonekani siku ya kwanza, lakini ngozi ikishachubuka, vimelea vya ukungu hupata mlango. Ndiyo maana mteja hununua embe safi Jumatatu na kukuta doa jeusi Jumatano.

Embe lina tatizo jingine la kipekee. Kikonyo kinapong'oka, utomvu hutiririka na kuunguza ngozi ya tunda. Wachumaji wazoefu huacha kikonyo kifupi, kisha hukikata baadaye huku tunda likielekezwa chini ili utomvu udondoke mbali. Kifungashio bora hakiwezi kuliokoa embe lililokwisha kuunguzwa na utomvu wake. Somo hilo ni la maana kwa wanafunzi: kufungasha huanza pale tunda linapochumwa.

Vifaa vilivyo karibu

Wakazi wa Pwani walijua kazi hii kabla ya kuwapo kwa plastiki. Pakacha lililosukwa kwa makuti mabichi hubeba matunda, hupitisha hewa na likichakaa huoza shambani. Tenga la fito hubeba kuku na samaki kwa sababu hiyo hiyo. Wanafunzi wakianza kwa kuangalia vyombo hivi na kuuliza kwa nini vilisukwa hivyo, watakuwa wameshapata nusu ya jibu.

Vifaa vifuatavyo hupatikana kwa urahisi, na kila kimoja kina nguvu na udhaifu wake:

Usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hubonyea na kurudi katika hali yake. Hupokea kishindo vizuri na haunyonyi maji upesi. Udhaifu wake ni kwamba nyuzi ngumu zinaweza kukwaruza tunda lenye ngozi nyororo, kwa hiyo huhitaji kufunikwa kwa jani au kitambaa.

Majani makavu ya mgomba ni laini na mepesi. Hufaa kutenganisha matunda tabaka kwa tabaka. Yakiwa na unyevu huleta ukungu, hivyo lazima yakaushwe kabisa.

Nyuzi za mkonge ni imara kwa kufunga na kusuka, lakini si laini. Zitumike kwa fremu ya nje, si kwa kugusa chakula.

Maganda ya mpunga na unga wa mbao hujaza nafasi na kuzuia mayai kucheza. Vumbi lake huingia kwenye chakula, kwa hiyo hayafai kwa kitu kinacholiwa bila kumenywa. Unga wa mbao zilizotiwa dawa usitumike kabisa.

Karatasi kuukuu, zikiwemo za madaftari yaliyokwisha, zinaweza kugeuzwa rojo. Huchanwa vipande vidogo, hulowekwa usiku kucha, hutwangwa kwenye kinu, hukamuliwa, kisha hubandikwa juu ya umbo la udongo na kuanikwa juani. Trei za kiwandani hutengenezwa kwa kanuni hiyo hiyo ya rojo la karatasi, isipokuwa mashine ndiyo inayovuta maji na kutoa umbo. Udhaifu wa karatasi ni maji. Trei iliyolowa hulegea, na trei zilizopangwa juu yake huiangukia.

Hatua za mradi

Hatua ya kwanza ni kulitazama tatizo lenyewe. Kabla ya kukata karatasi yoyote, kila kikundi cha wanafunzi wanne au watano huzungumza na mtu mmoja anayeuza au kusafirisha chakula kinachovunjika: mama mboga, mwenye duka, dereva wa bodaboda au mfugaji wa kuku. Maswali ni matatu. Chakula huharibika katika sehemu gani ya safari? Hufungwa kwa nini kwa sasa? Muuzaji yuko tayari kulipa kiasi gani kwa kifungashio bora? Majibu huandikwa. Mara nyingi wanafunzi hugundua kwamba mayai huvunjika wakati wa kupakia na kushusha, hata barabara ikiwa nzuri.

Hatua ya pili ni kuweka masharti. Mradi usio na masharti huzaa yai moja lililozungushiwa godoro. Masharti yanayofaa ni kama haya: kifungashio kibebe mayai manne au maembe mawili, kisizidi gramu 200 kikiwa kitupu, vifaa vya kununuliwa visizidi Sh20, kifunguke na kufungwa tena bila kuharibika, kiweze kupangwa juu ya kingine, na kisiwe na plastiki ya kutumika mara moja.

Hatua ya tatu ni kuchora. Kila mwanafunzi huchora wazo lake peke yake kwanza, akionyesha vipimo, ndipo kikundi kichague. Bila utaratibu huo, mwanafunzi mwenye sauti kubwa ndiye atakayebuni kwa niaba ya wote.

Hatua ya nne ni kutengeneza sampuli. Ya tano ni kuijaribu. Ya sita, ambayo walimu wengi huiruka kwa kukosa muda, ni kurekebisha na kujaribu tena. Hapo ndipo mafunzo yalipo. Sampuli ya kwanza ikishindwa, kikundi kieleze ni pigo, mgandamizo au msuguano uliolivunja yai, kisha kibadilishe kitu kimoja tu. Wakibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, hawatajua ni kipi kilichosaidia.

Majaribio manne

Jaribio la kuangusha hufanywa kutoka sentimita 50, kisha mita moja, kisha mita moja na nusu. Kifungashio kiachiliwe, kisirushwe. Kiangushwe kwa kitako, kwa ubavu na kwa kona, maana mzigo sokoni hauchagui upande wa kuangukia.

Jaribio la mtikisiko huiga barabara. Kifungashio hufungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli na kuendeshwa mita 500 kwenye njia ya mashimo ndani ya uwanja wa shule. Ikiwa hakuna baiskeli, wanafunzi wawili hulishika sanduku na kulitikisa kwa dakika mbili kwa mwendo uliokubaliwa.

Jaribio la mgandamizo hufanywa kwa kuweka mzigo wa kilo tano juu ya kifungashio kwa dakika kumi, kwa mfano mfuko wa kitambaa uliojazwa mchanga na kupimwa. Trei ya mayai 30 yenye mayai ya gramu 60 ina takriban kilo 1.8, kwa hiyo kilo tano ni karibu sawa na trei tatu zilizopangwa juu. Kinachotazamwa ni nani anayebeba mzigo: kuta za kifungashio au mayai. Kuta ndizo zinazopaswa kubeba.

Jaribio la hewa na unyevu ni la matunda. Kifungashio chenye embe au nyanya hufungwa na kuachwa kivulini hadi siku ya pili. Kikifunguliwa, wanafunzi huangalia matone ya maji ndani na hali ya ngozi ya tunda. Kwa masanduku ya matunda, kanuni inayotumika sana ni matundu yenye jumla ya karibu asilimia 5 ya eneo la ubavu. Matundu yakizidi sana, ukuta wa sanduku hudhoofika.

Katika kutoa alama, kufika kwa chakula kikiwa kizima kusipewe alama zote. Uzito, gharama, muda wa kufungasha na uwezo wa kutumika tena vihesabiwe pia. Kifungashio kinacholinda yai kikamilifu lakini kinagharimu zaidi ya yai lenyewe hakitanunuliwa na mtu.

Chakula kisipotezwe

Kuna swali ambalo mzazi yeyote ana haki ya kuuliza: je, ni sawa kuangusha mayai shuleni wakati kuna nyumba ambazo yai huliwa siku ya sikukuu? Mwalimu anayeandaa mradi huu anapaswa kuwa na jibu kabla ya kuulizwa, na jibu liwe katika mpangilio wa mradi wenyewe.

Majaribio yote ya mwanzo yafanywe kwa yai la udongo: donge la udongo wa mfinyanzi lenye umbo na uzito wa yai, lililokaushwa juani bila kuchomwa. Udongo huo ukigongwa hupata ufa unaoonekana. Yai halisi litumike katika jaribio la mwisho pekee, na kila kikundi kipewe idadi ndogo iliyotangazwa mapema. Mayai yaliyofika mazima, bila ufa wowote, huchemshwa hadi yaive kabisa na kuliwa siku hiyo hiyo. Wanafunzi wenye mzio wa mayai wajulikane mapema.

Mayai yaliyopasuka yasiliwe. Ganda linaweza kuwa na bakteria wa salmonella, na ufa huwapa njia ya kuingia ndani. Yafukiwe kwenye shimo la mboji. Kila aliyeshika mayai mabichi anawe mikono kwa sabuni. Trei iliyobeba mayai isitumiwe tena kubeba matunda au mkate, na karatasi za magazeti zenye wino zisiguse chakula kinacholiwa bila kumenywa au kuoshwa.

Sheria na taka

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia tarehe 28 Agosti 2017. Anayekiuka anaweza kutozwa faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kufungwa jela mwaka mmoja hadi minne. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa. Kwa hiyo swali la mwisho kwa kila kikundi ni hili: kifungashio hiki kikimaliza kazi yake kitakwenda wapi? Kukusanya taka ni jukumu la serikali ya kaunti, na kila kifungashio kisichooza wala kutumika tena hatimaye hulipiwa na mkazi kupitia huduma hiyo.

Kutoka darasani hadi sokoni

Shule za msingi na Sekondari Msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Kaunti, kwa mujibu wa Mpangilio wa Nne wa Katiba ya 2010, husimamia elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, kilimo, masoko na utoaji wa leseni kwa biashara za kuuza chakula. Mradi wa vifungashio unagusa karibu yote hayo. Mwanafunzi wa Gredi ya 8 akibuni kikombe cha usumba kinachookoa mayai, mwanagenzi wa chuo cha ufundi anaweza kutengeneza umbo la mbao la kukizalisha kwa wingi, na mfugaji aliyehojiwa katika hatua ya kwanza anaweza kuwa mteja wa kwanza.

Kikundi kinachotaka kwenda mbali zaidi kikumbuke kwamba mradi wa darasani si leseni. Anayefungasha chakula kwa ajili ya kukiuza atahitaji kutimiza masharti ya afya ya umma na, kulingana na bidhaa, viwango vya Shirika la Viwango nchini (KEBS). Afisa wa kilimo wa wodi na afisa wa afya ya umma wa eneo ndio wa kuulizwa kwanza, kabla ya kutumia fedha.

Mwalimu anayetaka kuanza muhula huu anaweza kuanza na vitu vichache: kilo moja ya usumba, rundo la madaftari yaliyokwisha, udongo wa mfinyanzi, na mazungumzo na muuzaji mmoja wa mayai. Matokeo yapimwe kama muuzaji anavyoyapima. Kama zamani mayai manne yalivunjika katika kila trei na sasa linavunjika moja, kwa bei za mfano uliotolewa hapo juu hasara ya Sh10 imegeuka kuwa faida ya Sh35. Kwa anayeuza trei moja kila siku, hiyo ni tofauti ya Sh45 kwa siku.